Alfajiri ya Jumamosi: Kutoka Kware hadi Vijia vya Karura

Wiki mbili kabla ya safari yangu ya Nairobi, dada yangu wa Mombasa alinipigia simu akanikabidhi amana. Nikifika Kware, kwa binti yake, nimketishe kitako nimuulize ni jambo gani hili la mwanamke aliyeolewa, mama wa watoto wawili, kuamka alfajiri kwenda kukimbia msituni. "Mwambie wewe mama yake mdogo," alisema, "mimi akinisikia hucheka tu." Nilikubali. Nami, nikiri ukweli, nilikuwa upande wa dada yangu.

Msomaji asiyeijua Kware na afikiri magorofa yaliyosongamana huko Embakasi, mashariki mwa jiji, jirani na Pipeline na Mukuru kwa Njenga. Ukifungua dirisha na kunyoosha mkono, nusura uguse kamba ya nguo ya jengo la pili. Jina lenyewe latokana na kwari, yaani machimbo ya mawe ya kujengea, na baadhi ya mashimo yaliyoachwa yamejaa maji na taka. Ni humo, Julai 2024, ilimoopolewa miili ya wanawake waliouawa wakatupwa. Mola awape subira jamaa zao.

Mwanangu huyu anaishi mwendo wa dakika chache kutoka hapo. Usiku wa kwanza, watoto walipokwisha lala, alinisimulia jambo ambalo mama yake halijui. Mimba yake ya pili ilimjia na kisukari. Baada ya kujifungua kilimwondoka, lakini daktari alimweleza kwamba mwanamke aliyepatwa nacho akiwa mjamzito yumo katika hatari kubwa zaidi ya kukipata tena miaka ya mbele, na safari hiyo kikamganda. Dawa aliyopewa ilikuwa kupunguza wanga na kuutumikisha mwili. Basi akawa anatembea kila siku baada ya swala ya Alfajiri, yeye na majirani zake, mpaka Julai ile ilipofika. Hapo wakaacha wote. Nani angetoka gizani? Alikaa ndani miezi minane, uzito ukapanda, na kipimo cha sukari kikaanza kupanda nao.

"Mama mdogo," aliniambia, "nilichagua kati ya hofu mbili."

Mumewe ndiye aliyemnunulia raba, mtumba wa Gikomba, na Jumamosi yeye ndiye hubaki na watoto. Kwa hiyo ile hotuba niliyokuja nayo kutoka Mombasa, kuhusu haki za mume, haikuwa na pa kutua. Ilinibidi niende nikaone kwa macho yangu.

Tuliswali, tukatoka sita kwa pamoja, wote wa jengo moja. Matatu ya kwanza hadi mjini, ya pili katika zile za kwenda Ruaka, tukashuka kwenye Barabara ya Limuru penye lango la Msitu wa Karura. Kiingilio hulipwa kwa simu. Hapo mtu ataona mara moja dhulma ya jiji hili: wenye majumba makubwa ya Muthaiga na Gigiri wana msitu mlangoni, na mwanamke wa Kware avuke Nairobi nzima na nauli mbili ndipo apate kivuli cha mti. Na mto Kware wanao! Mto Ngong wapita huko huko Mukuru, ila kingo zake zimezibwa na mabati na taka, na hakuna hata pa kuweka mguu.

Nilitarajia kuwa na hofu msituni, nisiwe nayo. Walinzi wanapita, wengine kwa baiskeli; wazee wanatembea na mikongojo; watoto wanavutana na mama zao. Nikamuuliza mwanangu, mbona pametulia hivi? Akacheka, akanisimulia kama anayesimulia habari za nyumbani kwake.

Karura, chenye hekta kiasi cha 1,000, ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa watu kwa siri ili wajenge, na wakazi wa jiji waliuogopa kwa kuwa ulikuwa maficho ya wezi na mahali pa kutupwa maiti. Januari 1999 Profesa Wangari Maathai alikwenda na wenzake kupanda mche tu, wakashambuliwa, naye akajeruhiwa kichwani. Ugawaji ukakwama. Miaka mitano baadaye mama huyo akatunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Kisha wakazi wakaunda jumuiya ya Marafiki wa Karura, wakashirikiana na Shirika la Misitu la serikali, wakauzungushia ua wa umeme, na vijana wa kijiji cha Huruma kilicho ukingoni mwa msitu, waliokuwa wakikata kuni humo, wakaajiriwa kuulinda.

"Hapa palikuwa kama kwari yetu," mwanangu alisema. Sikuwa na la kujibu.

Sasa habari ya kukimbia kwenyewe, maana najua wako watakaotaka kujua. Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari. Sisi tuliozaliwa tukipumua hewa nzito ya pwani hutweta huko hata kwa kupanda ngazi, na katika dakika ya tatu nilihisi kifua kinaungua. Wenzangu hawakunicheka. Walinifundisha kwamba kijia cha msituni hakikimbiwi kama lami. Hatua ziwe fupi. Macho yasitazame vidole vya miguu, yatangulie hatua tatu nne mbele, mizizi isije ikakushika. Mlimani hata hodari hutembea, na si aibu. Penye mteremko usikaze magoti. Yalegeze, uache mapaja yafanye kazi, na kesho yake ndiyo yatakayokulalamikia. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu wa huko huteleza kuliko sabuni. Faida yake ni kwamba ardhi ni laini kwa viungo, na mguu, kwa kuwa kila hatua ni tofauti na ya kabla yake, hupata nguvu ya kifundo ambayo barabara haiwezi kuupa.

Na stara? Hilo ndilo lililomkera dada yangu zaidi. Buibui halifai, si kwa hukumu yangu bali kwa hukumu ya miiba na mizizi. Wanawake wale walivaa suruali pana, kanzu nyepesi iliyoshuka hadi magotini, na mtandio wa kitambaa cha kukauka upesi uliobanwa vyema, usiofunguka kwa upepo. Wakichagua vijia vya pembeni, saa za mapema kabla watu hawajawa wengi, nao wenyewe kwa wenyewe. Nilikumbuka hadithi tuliyosomeshwa chuoni, kwamba Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alishindana mbio na Mtume (SAW) safarini, baada ya Mtume kuwaamuru watu watangulie mbele. Mara ya kwanza Bi Aisha alishinda. Miaka ikapita, akanenepa, wakashindana tena akashindwa, na Mtume akamwambia kwa mzaha kwamba hiyo ni malipo ya ile. Nimeisoma hadithi ile mara nyingi na kila mara nikaishia kwenye lile neno la mapenzi. Siku ile nilifikiri juu ya mbio zenyewe.

Tulifika juu ya genge, mto Karura ukipita chini yetu. Kutoka hapo huonekana maporomoko, maji yakianguka kimo cha nyumba ya ghorofa nne hivi, na mbega wakiruka matawini, weusi kwa weupe, mikia yao kama mitandio. Karibu yapo mapango ambayo inasimuliwa wapiganaji wa Mau Mau walijificha. Maji yenyewe hayakuwa safi. Yalikuwa na povu na harufu kidogo, kwa uchafu wa mitaa ya juu. Mmoja wetu akaniuliza kama ninajua yanakokwenda. Huingia mto Nairobi, nao Ngong wa kule kwao huingia humo humo, kisha Athi, kisha Galana, mpaka yanapoitwa Sabaki na kumwagika baharini kaskazini mwa Malindi. Nimewahi kuvuka daraja la Sabaki mara ngapi, nikiyatazama yale maji mekundu bila kuuliza yametoka wapi!

Jioni nilimpigia dada yangu, binti yake akiwa kando yangu na kwa idhini yake. Nikamweleza habari ya mimba ile, na miezi minane, na vipimo vya mwezi uliopita vilivyoanza kushuka. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza raba za mwanawe ni za kipimo gani. Nikamwambia. Akanyamaza tena, akauliza kama huko msituni kuna kijia kisicho na milima, cha watu wenye magoti kama yake, maana anakuja Nairobi mwezi wa Agosti.

Kipo, kando ya mto. Nilimwambia aje na sweta.