Unakwepa maji ndio usitafute choo? Figo zako ndizo zinalipa

Kama unaendesha boda, unauza mitumba Gikomba ama uko mjengo huko Ruaka, hesabu hii unaijua. Nikinywa maji saa tatu, saa nne nitataka choo. Choo kiko mbali, ama ni cha kulipia ashu, ama ni kile ambacho ukitoka unatamani kuoga. Basi unaamua kutokunywa. Unashinda na chai ya asubuhi na soda moja, na jioni unajisifu hukupoteza hata mteja mmoja. Kwa kina dada hesabu hii ni kali zaidi, maana ukuta wa nyuma ya kibanda hauwasaidii.

Sasa angalia hesabu ileile ukiwa upande wa figo.

Unakumbuka ule mchoro wa nefroni wa Kidato cha Pili, tuliouchora kwa penseli tukidhani ni wa mtihani tu? Kila figo ina vichujio kama hicho takriban milioni moja. Kwa siku moja figo zako mbili huchuja karibu lita 180 za majimaji kutoka kwa damu. Kama kwenye ploti yenu mnanunua maji kwa mtungi wa lita 20, hiyo ni mitungi tisa. Lakini wewe hukojoi mitungi tisa. Unakojoa lita moja, moja na nusu hivi. Yaliyobaki yote hurudishwa kwenye damu, pamoja na sukari na chumvi ambazo mwili bado unazitaka, na uchafu ndio unaachwa uende. Yaani sehemu kubwa ya kazi ya figo ni kurudisha, si kutoa. Labda mwalimu alisema hivyo, nami nilikuwa nimelala.

Anayeamua kiasi cha kurudisha ni ubongo. Ukitoka jasho jingi, maji kwenye damu yanapungua na chumvi inazidi. Ikipanda hata kwa asilimia moja ama mbili tu, ubongo unashtuka. Unakuletea kiu, na tezi ndogo iliyo chini yake inaachilia homoni inayoziambia figo: shikeni maji. Mkojo unakuwa kidogo na wa manjano iliyokolea. Ukinywa maji ya kutosha, homoni inapungua na mkojo unakuwa mwepesi. Pombe huizuia hiyo homoni, ndiyo maana bia zinakupeleka chooni kila saa na bado asubuhi unaamka mdomo umekauka, ukitafuta supu ya kutoa lock.

Figo ni wavumilivu, lakini si kwa kila kitu. Hata usipokunywa tone, zinahitaji karibu nusu lita ya mkojo kwa siku ili kutoa uchafu. Maji hayo yatatoka mwilini mwako, utake usitake. Yakizidi kupungua, damu inayofika kwenye figo nayo inapungua. Ikiwa ni siku moja, utakunywa maji jioni na mambo yatarudi sawa. Ikiwa ndiyo maisha yako ya kila siku, chini ya jua, hapo ndipo kuna noma.

Huko El Salvador na Nicaragua, kwa zaidi ya miaka 20 madaktari wamekuwa wakipokea wakata miwa ambao figo zao zimekufa. Wengi ni wanaume ambao bado ni vijana, hawana kisukari wala historia ya shinikizo la damu, magonjwa mawili ambayo ndiyo huharibu figo za watu wengi duniani. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu chanzo, na dawa za kunyunyizia mimea zimetajwa pia, lakini kazi nzito kwenye joto bila maji na mapumziko ya kutosha iko juu kabisa kwenye orodha. Shamba moja kubwa la Nicaragua lilipoanza kuwapa vibarua maji, kivuli na muda wa kupumzika, visa vya figo kuumia kazini vilipungua. Sisemi mjengo wa Ruaka ni shamba la miwa. Nasema msimamizi anayekunyima dakika tano za kunywa maji anacheza na kitu ambacho hawezi kukununulia kingine.

Halafu kuna vidonge, na hapa ndipo naona wasee wengi wanajimaliza. Mgongo unauma baada ya kubeba mawe, unaingia duka la dawa, unapewa diclofenac ama ibuprofen, unameza na kurudi kazini. Kesho tena. Shida ni kwamba damu inapopungua, figo hutumia kemikali fulani za mwili kuweka mishipa yao wazi ili damu iendelee kufika. Dawa hizo huzuia kemikali hizo. Kwa hivyo mtu aliyekauka maji na bado anameza diclofenac kila siku amefunga bomba kutoka pande mbili. Paracetamol haizibi hilo bomba kwa namna hiyo, ingawa ukizidisha kipimo inaharibu ini. Maumivu yasiyoisha wiki nzima yanataka daktari, si paketi nyingine.

Sasa usikimbie upande wa pili na kunywa galoni nzima kwa mkupuo kwa sababu umeona mtu wa TikTok. Figo zina kasi yao, karibu lita moja kwa saa, na ukizidisha hapo chumvi kwenye damu inashuka na ubongo unaweza kuvimba. Katika mbio za Boston Marathon za 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 na kukuta asilimia 13 wana sodiamu ya chini mno, hasa waliokunywa maji kupita kiasi njiani. Kunywa kidogo kidogo siku nzima, zaidi jua likiwaka, na uchungulie rangi ya mkojo. Manjano hafifu, uko sawa. Lakini kama daktari tayari amekwambia figo ama moyo una shida, fuata kiasi alichokupa yeye.

Figo haziumi zikiharibika taratibu. Hata kipimo cha kreatinini kwenye damu kinaweza kuonekana sawa wakati karibu nusu ya kazi imeshapotea. Kwa hivyo ukienda kliniki kwa lolote lile, omba wakupime pressure, na uombe wapime mkojo kuona kama una protini. Mkojo wenye povu lisiloisha, miguu kuvimba, uso kufura asubuhi, hizo usizingoje mwisho wa mwezi.

Na wewe uliye na kikundi cha boda stejini: mnachanga kila wiki kwa mambo mengi. Mtungi mmoja wa maji safi na makubaliano na mwenye choo cha karibu, mlipe kwa mwezi badala ya ashu kila saa, hiyo mnaweza kuipanga hata kabla ya Ijumaa.