Mambo 3 ambayo katuni ya The Lion Guard inatufundisha kuhusu hasira, watu wa Tarime na Serengeti tusome hapa

Kama una watoto, huenda umewahi kuwakuta wameganda kwenye simu wakiangalia The Lion Guard, katuni ya Disney iliyoonyeshwa kuanzia 2016 hadi 2019. Majina ya wahusika yenyewe ni ya kwetu: Jasiri, Janja, Makini, Ushari. Ila somo lake si la watoto peke yao.

Kion, mtoto wa Simba na Nala, ana mngurumo wenye nguvu ya kimbunga. Akinguruma, maadui wanarushwa mbali. Sasa je, akikasirika itakuwaje?

1. Hasira haichagui wa kumuumiza

Fisi walipomtishia mama yake, Kion alinguruma kwa hasira na nguvu ikamponyoka. Akaogopa, akaapa hatanguruma tena. Ndivyo ilivyo hata majumbani. Baba anashika fimbo ili amwonye mtoto, hasira ikipanda anaishia kumjeruhi.

2. Ukiwageuzia nguvu watu wako, unaipoteza

Kabla ya Kion, mngurumo huo alikuwa nao Scar. Alipotaka kumpindua kaka yake Mufasa, wenzake wa kikosi walikataa kumuunga mkono, naye akawaangamiza kwa mngurumo. Hapo hapo nguvu ikamtoka, moja kwa moja. Tarime tumeshaona koo zikipigana kwa ajili ya ardhi na mifugo, wakati watu ni majirani na wanaoleana. Mwisho wa siku hakuna aliyebaki na heshima, ni misiba tu.

3. Kuomba msaada si udhaifu

Baadaye Kion alijeruhiwa na Ushari, nyoka mwenye sumu, akaanza kushindwa kujizuia. Hakujifanya mzima. Alisafiri na rafiki zake mpaka Mti wa Uzima kutafuta tiba. Na wewe ukiona hasira inakuzidi, ondoka hapo kwanza, kisha zungumza na mzee unayemheshimu au kiongozi wako wa dini. Na kama wewe ndiye unayepigwa, usinyamaze. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto.

Simba wa kweli nao wana la kutufundisha. Wanaoishi jirani na Hifadhi ya Serengeti wanaujua mngurumo wao usiku, unaweza kusikika hadi kilomita 8. Kazi yake mojawapo ni kuwaambia simba wengine kwamba eneo hili lina wenyewe, ili wapite mbali na damu isimwagike.

Kwa hiyo mwenye nguvu hasa ni yule anayeweza kumaliza ugomvi bila kumgusa mtu. Leo jioni watoto wakiwasha katuni hiyo, kaa nao dakika chache, kisha waulize: Kion alikosea wapi? Majibu yao yanaweza kukushangaza.