Uzito wa Mti Hutoka Hewani

Mwavokado wa nyumbani ukikatwa mtaani Donholm, Nairobi, ili ghorofa ipate nafasi, magogo yake huhitaji wanaume kadhaa kuyapakia kwenye mkokoteni. Uzito huo wote ulitoka wapi? Wengi watasema udongoni. Jan Baptist van Helmont, tabibu wa nchi ambayo leo ni Ubelgiji, aliupima mche na udongo wake, akaupanda kwenye chungu na kuumwagilia maji kwa miaka 5. Mti uliongezeka kilo 74 hivi. Udongo ulipungua gramu 57 tu. Matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 1648. Yeye alidhani ni maji matupu. Hewa hakuifikiria.

Upande wa chini wa jani kuna vitundu visivyoonekana kwa macho. Hewa ya kaboni (kaboni dioksidi), ambayo ni takriban sehemu 4 katika kila sehemu 10,000 za hewa, huingilia hapo. Ndani, kimeng'enya kiitwacho rubisko huinasa, na kwa nguvu ya jua jani huiunganisha na kilichotoka kwenye maji hadi iwe sukari. Oksijeni hutoka nje. Sukari hiyo ndiyo hujenga majani, matunda na mbao. Usiku mmea hupumua na kurudisha kiasi kidogo, lakini asikutishe mtu kuhusu ua la chumbani: wewe uliyelala unatoa kaboni nyingi zaidi yake.

Karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni. Mti wenye kilo 100 za mbao kavu umeondoa hewani kilo 183 hivi za hewa ya kaboni, sawa na inayotoka lita 80 za petroli zikichomwa. Mbao hizo zikiwa mlango, kaboni inabaki humo miaka na miaka. Zikichomwa jikoni, inarudi hewani siku hiyo hiyo. Majani makavu yanayochomwa kando ya barabara huirudisha pia, na moshi wake huingia mapafuni mwa watoto wetu.

Jambo linaloniuma ni maji. Mti wenye kiu hufunga vile vitundu usikauke, na vikifungwa kaboni haiingii. Tarehe 13 Novemba 2023 Wakenya walipewa siku ya mapumziko wapande miti, katika mpango wa miti bilioni 15 ifikapo 2032. Lakini Januari na Februari jua la Nairobi ni kali, na mche usiomwagiliwa hufa kabla haujanasa chochote cha maana. Huku kwetu, matofali ya kabro yametandazwa hadi shinani, na mvua ikinyesha maji yanaishia mtaroni. Fundi akija kutandaza kabro, mwambieni aache angalau mita moja ya udongo kuzunguka kila shina.