Mstari Ulionyooka Unaweza Kuficha Ugonjwa

Ndugu wafanyakazi, nanyi akina mama mnaotunza afya ya nyumbani, wengi wenu mmeiona karatasi ya homa inayotundikwa kwenye kitanda cha mgonjwa. Asubuhi na jioni muuguzi anapima homa, anatia nukta, kisha anaziunganisha nukta kwa mstari. Tazameni namba za pembeni. Hazianzi kwenye sifuri. Zinaanza karibu na 35 na kuishia karibu na 42. Sababu ni kwamba mwili wa mtu aliye hai hautoki mbali na hapo. Mtu mzima wa afya ana karibu 37, na akifika 39 ana homa kali. Kama karatasi ingeanza kwenye sifuri na kufika 100, tofauti hiyo ya digrii mbili ingekuwa kama unene wa ukucha, na malaria ingepita bila kuonekana.

Siku hizi michoro hiyo inachorwa na kompyuta. Kompyuta ni fundi mwepesi, lakini haimjui mgonjwa. Ni lazima sisi tuiambie mstari wa pembeni uanzie wapi na uishie wapi.

Nilijifunza jambo hili kwa aibu. Mchimbaji mmoja, mkaaji wa Nguba, alikuwa akija kupimwa uzito kila mwezi. Mwezi wa kwanza alikuwa na kilo 68. Mwezi wa sita alikuwa na kilo 62. Nilichora mchoro, na kompyuta ikaweka namba kutoka sifuri hadi 100. Mstari ulionekana karibu umenyooka. Nikamwambia, «Papa, uzito wako ni mzuri.» Mke wake, aliyekuwa amekaa karibu, akasema, «Muganga, mbona ameutoboa mkanda wake matundu mawili mapya?»

Nilirudi kwenye mashine, nikaweka namba kutoka 55 hadi 75. Mstari uleule ukateremka kama njia ya kwenda ziwani. Kilo 6 katika 68 ni karibu 9 kwa 100. Mtu mzima akipoteza 5 kwa 100 au zaidi katika miezi sita, bila kutaka kupunguza uzito, lazima achunguzwe. Huyu pia alikuwa na kikohozi cha wiki nyingi. Makohozi yake yalipopimwa, kilikuwa kifua kikuu. Alimeza dawa miezi sita bila kukosa siku, akapona. Kumbukeni kwamba vumbi la mawe linadhoofisha mapafu, na mchimbaji anayelivuta anashikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mtu mwingine.

Kosa la pili ni kinyume cha lile. Programu nyingi zinachagua mipaka zenyewe: zinachukua namba ndogo kabisa na namba kubwa kabisa, zinajaza ukurasa. Mtoto mwenye homa ya 36,5 asubuhi na 36,9 jioni ataonekana amepanda mlima na kushuka bondeni. Mama anaogopa, kumbe mtoto ni mzima. Mchoro wa mbali sana unaficha ugonjwa, na wa karibu sana unazua ugonjwa usiokuwapo.

Kurekebisha si kazi ngumu. Katika programu nyingi za michoro, ukizungusha gurudumu la kipanya, mchoro unasogea karibu au mbali. Katika nyingine unabonyeza, unavuta kisanduku juu ya sehemu unayotaka, nayo inakuzwa. Ukipotea, tafuta kitufe cha kurudi mwanzo. Katika Matplotlib kina picha ya nyumba ndogo. Programu hiyo haiuzwi, ni ya bure. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2003, na aliyeitengeneza, Mmarekani John D. Hunter, alitaka kutazama mapigo ya umeme katika bongo za wagonjwa wa kifafa. Lakini njia ya hakika ni kuandika mwenyewe namba ya chini na namba ya juu.

Tazameni pia ziwa letu. Ziwa Kivu lina kina cha mita 485 hivi. Maji ya juu yana joto la karibu digrii 24. Yanapoa kidogo ukishuka, kisha yanapata joto tena hadi karibu 26 chini kabisa. Chora hayo kutoka sifuri hadi 100, utaona uzi ulionyooka. Chora kutoka 22 hadi 27, utaona mstari ukipinda. Ukisogea karibu zaidi tena, zinatokea ngazi ndogo ndogo, mamia yake, tabaka juu ya tabaka. Tabaka hizo zinawaambia wataalamu jinsi maji ya chini, yenye gesi nyingi, yanavyokaa bila kuchanganyika na ya juu. Maji ni yaleyale. Kilichobadilika ni mipaka ya mchoro.

Basi tushike mambo manne:

1. Kabla ya kutazama mstari, soma namba za pembeni.
2. Ukilinganisha watu wawili au miezi miwili, tumia mipaka ileile. Ndiyo maana karatasi ya kupima moyo ina kipimo kimoja cha kawaida: milimita 25 kwa sekunde.
3. Chagua mipaka kwa kujua mwili, si kwa kupendeza macho.
4. Mchoro ukisema hili na mgonjwa akisema lile, mpime mgonjwa tena.

Mfanyakazi mwenzangu, unapoonyeshwa mchoro wa uzito wako, wa damu yako au wa mtoto wako, usione haya kuuliza: «Namba hizi zinaanzia wapi?» Na wewe mama, ukiona mkanda wa mumewe unatobolewa tundu jipya, usingoje mashine ikuambie. Mlete dispansari. Wazee walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.