Ngozi Ikifunga, Mfupa Bado

Pini ilikuwa imezama yote. Mjomba wangu ni fundi cherehani, na siku hiyo alikanyaga pedali tangu asubuhi huku pini ya kushikia pindo imemwingia chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, asihisi kitu. Aliyegundua ni mkaza mjomba, jioni, alipoona tone la damu sakafuni, kisha jingine. Mjomba akaing'oa kwa koleo, akapaka spiriti, akarudi kwenye sare za shule alizokuwa ameahidi kwa Jumatatu.

Ana kisukari, huu ni mwaka wa 14. Ganzi ya miguu alikuwa ameizoea hadi akaisahau. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na ile ya miguuni ndiyo hutangulia. Mwaka 2005 Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam walichapisha taarifa za wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Nilipozisoma, nilielewa kwa nini mtu anaweza kushinda na pini mguuni.

Kidonda kilitoa majimaji. Mjomba akaenda duka la dawa mtaani, akauziwa vidonge vya rangi mbili vya siku tano. Vingine alimeza, vingine alivipasua na kumwagia unga wake kidondani, kama wengi wetu tulivyoona wazazi wakifanya. Kikakauka. Kikafunga. Baada ya mwezi kidole kikavimba, ngozi ikang'aa kwa kutanuka, na usaha ukatokea tundu lile lile.

Kliniki daktari alichukua kijiti cha chuma, chembamba, chenye ncha butu, akakipitisha taratibu kwenye tundu. Kiliingia kwa urefu ulionitisha, halafu kikagota. Kitu kigumu, kama kugusa jiwe chini ya matope. Mjomba alikuwa anaangalia feni ya darini, wala hakushtuka.

"Hapa nimegusa mfupa, mzee," alisema daktari.

Sisi ndugu, neno "mfupa" lilipotamkwa, masikioni mwetu liliingia "msumeno". Hofu hiyo ndiyo inayowachelewesha wengi nyumbani na majani ya kubandika, hadi mguu unanuka ndipo wanapelekwa. Ndiyo sababu ninaandika haya: mfupa kuingiwa na vijidudu si hukumu ya kukatwa. Kuna wagonjwa wanaopona kwa antibayotiki peke yake. Ila ni antibayotiki iliyochaguliwa kwa uchunguzi, ikamezwa hadi mwisho wake.

Dawa husafiri kwa damu. Vijidudu vikishaingia mfupani, sehemu ya mfupa hufa, na sehemu iliyokufa haipitiwi na damu. Humo vijidudu hujishikiza, hujifunika kwa ute, na vingine hukaa kama vimelala. Dozi ya siku tano huvipunguza vile vya juu, usaha hukatika, ngozi hufunga, na mwenye mguu huamini kwamba amepona. Chini moto unaendelea.

Hata picha ya eksirei hudanganya. Wiki mbili tatu za mwanzo inaweza kuonyesha mfupa mzima kabisa, kwa hiyo daktari akisema irudiwe baadaye, hapotezi muda wa mtu. Mjomba alipigwa mbili. Ya kwanza safi. Ya pili ilionyesha ncha ya mfupa imelika kama kipande cha sabuni.

Hapo ndipo penye jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi: ni vijidudu gani? Pamba iliyopanguswa juu ya kidonda huokota kila kilichopo pale juu, hata visivyo na hatia. Kinachosema kweli ni kipande kidogo cha mfupa wenyewe, kikaoteshwa maabara, na ikiwezekana kichukuliwe kabla mgonjwa hajaanza dawa au akiwa ameziacha kwa muda. Mara nyingi mkosaji ni stafilokoka, lakini katika nchi za joto kama zetu huonekana sana vijidudu vya kundi jingine, ambavyo vidonge vingi vya dukani haviviwezi. Najua si kila hospitali ya wilaya ina maabara ya kufanya hivyo. Lakini mgonjwa ana haki ya kuuliza.

Kuhusu muda wa matibabu, zamani ilikuwa kawaida kusikia miezi mitatu. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walichapisha matokeo ya wagonjwa 40 ambao hawakufanyiwa upasuaji. Waliotibiwa wiki 6 walitulia 12 kati ya 20, waliotibiwa wiki 12 walitulia 14 kati ya 20. Tofauti hiyo kitakwimu haikuwa na uzito, na wale wa wiki 6 walisumbuliwa na tumbo mara chache zaidi. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 unasema wiki 6 pale mfupa usipoondolewa, na hadi wiki 3 pale ulipokatwa kidogo lakini mabaki yakaonekana bado yana vijidudu. Na si lazima dawa zote ziwe sindano. Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 wenye wagonjwa 1,054 wa maambukizi ya mifupa na viungo, si ya miguu tu, ulionyesha kwamba vidonge vilivyochaguliwa vizuri havikushindwa na dripu.

Nisieleweke vibaya. Mguu wenye usaha uliojikusanya, nyama iliyooza, mfupa uliochomoza nje au damu isiyofika vizuri unamhitaji daktari wa upasuaji, na mapema. Mjomba alikuwa na bahati: kidole cha mbele, mapigo ya damu mazuri, hakuna jipu.

Alipewa antibayotiki mbili za wiki 6, siprofloksasini na klindamaisini. Muuguzi alimkalisha mkaza mjomba akamweleza kwamba siprofloksasini haimezwi pamoja na maziwa, na kwamba ikikutana na baadhi ya vidonge vya kisukari inaweza kuishusha sukari ghafla, hivyo wapime mara nyingi zaidi. Akaagiza pia viatu vya wazi mbele visivyobana, na mguu wa kulia usiguse pedali.

Wiki ya tatu kidonda kilifunga. Mjomba akataka kuacha. Vidonge vilikuwa vinamkata tumbo, na bei yake ilikuwa inakula faida ya sare. Nilimwona akiitoa karatasi ya vidonge mfukoni na kuirudisha. Mkaza mjomba hakubishana naye. Alichukua chaki ya kukatia nguo, akaenda kwenye ukuta ulio nyuma ya cherehani, akaongeza mstari mmoja kwenye ile aliyokuwa anachora tangu siku ya kwanza.

Ilifika 42. Lakini daktari alisema kupona mfupa hakuhesabiwi siku dawa inapokwisha. Husubiriwa miezi 6 bila kuvimba wala usaha, ndipo mtu anaambiwa yametulia. Kwa hiyo chini ya ile mistari 42 kuna safu nyingine, ya mistari mirefu kidogo, mmoja kwa kila mwezi. Jumapili iliyopita nilipita kuwasalimu. Ipo minne. Mjomba anakanyaga pedali kwa mguu wa kushoto, na kila jioni mkaza mjomba anauweka ule wa kulia pajani mwake, anapitisha taa chini yake, kidole kwa kidole.