Mawimbi Katika Wasifu

Sisi wa Embu bahari hatuna, lakini fungua kurasa za Instagram za wanafunzi wenzangu uone mawimbi! Wasifu huko hauzidi herufi 150, kwa hivyo tunapamba kwa alama: hii ~ iliyo kwenye kibodi ya simu, au hii 🌊 iliyoingia katika Unicode mwaka wa 2010. Unicode ni orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi na kila alama namba na jina.

Jina hilo ndilo lililoniumbua. Likizo iliyopita binamu yangu asiyeona, anayesoma shule ya wasioona kule Igoji, Meru, alifungua wasifu wangu. Simu yake humsomea kila kitu kwa sauti. Ikaanza kwa Kiingereza chake: wimbi la maji, wimbi la maji... mara 12! Akauliza, "Sasa jina lako liko wapi?" Akacheka. Mimi nikanyamaza.

Basi wenzangu, pambeni, ila jina litangulie na wimbi moja lifuate. Pambo linalomzuia mwenzako kukusoma ni kelele tu.