Mlango Usibamize Ukuta

Askari aweza kupata uhamisho wakati wowote, na siku hiyo nyumba aliyopewa hukabidhiwa pamoja na milango na kuta zake. Ni aibu kwa mkaguzi kukuta nyuma ya mlango tundu lililochimbwa na kitasa.

Upepo wa jioni ukivuma, mlango usio na kizuizi hujibamiza ukutani. Lipu hubomoka na skrubu za bawaba hulegea. Upepo ukigeuka, mlango hujifunga kwa kishindo, na mtoto aliyeshika mwimo huponzwa vidole. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ikiwa kizuizi kipo, kitazameni kwanza. Mara nyingi kilicholika ni mpira wake tu. Kateni kipande cha gurudumu kuukuu, chenye unene wa sentimita 1 hivi, mkikaze kwa skrubu ambayo kichwa chake kimezama ndani ya mpira, kisije kikakwaruza mlango.

Ikiwa skrubu inazunguka bila kukaza, tundu limepanuka. Chongeni kigingi cha mti mkavu, kipakeni gundi, kipigilieni mpaka kiwe sawa na ukuta. Gundi ikikauka, kazeni skrubu katikati yake.

Pasipo na kizuizi, kipande cha mbao ngumu chatosha. Pimeni jinsi kitasa kinavyojitokeza, kisha kateni mbao iliyozidi kipimo hicho kwa sentimita 2. Kwa kekee toboeni ukuta karibu na sakafu, tieni kigingi, mkaze mbao hiyo kwa skrubu ndefu na kuivika mpira.

Wengi hukosea mahali pa kukiweka. Kizuizi hukaa usawa wa ukingo wa mlango ulio mbali na bawaba. Kikiwekwa karibu na bawaba, mlango hugeuka mtaimbo, na kila upepo uvumapo skrubu za bawaba hung'olewa kidogo kidogo.

Kizuizi cha ukutani huulinda ukuta, lakini hakiuzuii mlango kujifunga. Kazi hiyo ni ya kabari. Ichongeni iwe na urefu wa sentimita 15 na unene wa sentimita 3 upande wa nyuma, kisha gundisheni mpira chini yake. Kabari fupi yenye mwinamo mkali huteleza. Tena isichomekwe penye bawaba, kwani huzipinda.

Usiku kabari na itundikwe msumarini, ili baba akiitwa kazini gizani asijikwae. Nao watoto wafundishwe kutotia vidole upande wa bawaba, kwa maana hapo hakuna kizuizi kiwezacho kuwaokoa.

Kazi yote haizidi alasiri moja. Vidole vya watoto vitasalimika, na siku ya uhamisho baba na mama watakabidhi funguo bila ya kudaiwa ukuta.